Miaka Waliyobaki Bila Padri

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Singida ambaye siku hizi anauza saruji na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Jina lake sitalitaja, kwani hakuniruhusu. Ananiambia kwamba kwao alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya nne, na kwamba kwa miaka minne mfululizo hakukosa kanisani Jumapili, hata pale ambapo makorongo yalijaa maji na ikabidi avuke ameshika viatu mkononi. Alipofika mjini, mwezi wa kwanza alikwenda kusali kila Jumapili. Mwezi wa pili alikwenda mara moja. Tangu hapo huu ni mwaka wa pili hajakanyaga. Duka linafunguliwa saa moja asubuhi, Jumapili ikiwemo. Chumba wanalala wanne, na hakuna hata mmoja anayepiga magoti kabla ya kulala. Swali lake lilikuwa fupi: "Mjomba, mimi bado ni Mkristo, au nilikuwa Mkristo wa kijijini tu?"

Mimi si padri wala mchungaji. Nina stashahada ya uandishi wa habari na mazoea ya miaka mingi ya kuzungumza mbele ya kipaza sauti, basi. Lakini swali hili limenikaa rohoni, na kwa kuwa safu hii ni ya mambo ya historia, nimeonelea nimjibu kwa historia. Wasomaji wangu Waislamu nao wasifunge gazeti, kwani mbele kidogo watajikuta humu ndani.

Kila tarehe 3 Juni makanisa yetu huadhimisha kumbukumbu ya Mashahidi wa Uganda, na kila mwaka wahubiri husimulia habari za moto wa Namugongo. Nimeisikia habari hiyo tangu nikiwa mtoto wa kukaa mkekani. Ni habari ya kweli. Hata hivyo, kwa maoni yangu, huwa tunaianzia mwishoni. Kijana wa dukani akisikia habari za watu kuchomwa moto atashangaa, atasikitika, kisha atarudi dukani, kwa sababu hakuna mtu yeyote Kariakoo anayetaka kumchoma moto. Kinachomshinda yeye ni siku ya Jumanne, siku ya kawaida kabisa, ambapo hakuna anayemtesa na hakuna anayemkumbusha.

Hebu basi tuanze mwanzoni.

Wamisionari wa Kianglikana wa chama cha CMS walifika Buganda mwezi Juni 1877. Wakatoliki, yaani Mapadri Weupe, walifuata mwezi Februari 1879. Msafara wa kwanza wa mapadri hao ulitoka Bagamoyo mwaka 1878 kwa miguu, ukapita Ugogo na kuvuka Mgunda Mkali, lile pori la wilaya ya Manyoni ya leo ambalo wapagazi waliliogopa kwa sababu ya kukosa maji na chakula njiani. Kwa hiyo sisi watu wa Singida tusijione kuwa tuko mbali na habari hii. Ilipita kwetu, tena ikiwa na kiu.

Kabaka Mutesa wa Kwanza aliwapokea wageni hao kwa hesabu zake za kisiasa, akiwapima wote, Waingereza, Wafaransa na Waarabu, kama mfanyabiashara anavyopima mizani. Walioshika mafundisho kwa dhati walikuwa wavulana wa ikulu, vijana waliokuwa wakilelewa pale ili baadaye wawe machifu. Watu waliwaita "wasomaji", kwani katika Buganda ya wakati ule kusoma na kusali kulikuwa jambo moja. Jambo la kutufurahisha sisi wa lugha hii ni kwamba kabla ya kupata chochote katika Kiganda, wengi wao walisomea Injili za Kiswahili zilizotafsiriwa Zanzibar na Askofu Edward Steere. Kiswahili walikwisha kujifunza kwa wafanyabiashara wa pwani. Kijana mmoja aliyeitwa Sembera alimwandikia barua mmisionari Alexander Mackay mwaka 1881 akiomba abatizwe. Aliiandika mwenyewe, kwa jani gumu la nyasi lililochongwa ncha, na wino wa kujitengenezea. Akabatizwa mwezi Machi 1882 pamoja na wenzake wanne, na hao ndio waliokuwa Waanglikana wa kwanza wa Buganda kubatizwa huko.

Sasa ndipo tunapofika kwenye sehemu ambayo mahubiri ya tarehe 3 Juni huiruka. Mwezi Novemba 1882, Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, pamoja na wenzake walifunga mizigo na kuondoka Buganda. Hali ya ikulu ilikuwa imewatia hofu. Wakavuka ziwa kwa mitumbwi, wakaenda kukaa kusini, na hatimaye wakajenga Bukumbi, karibu na Mwanza, hapa kwetu Tanzania. Huko walikaa mpaka Julai 1885.

Piga hesabu, msomaji. Ni miaka miwili na miezi minane. Walioachwa nyuma walikuwa waumini wachache waliobatizwa juzijuzi, na kundi la wanafunzi ambao hata ubatizo hawajaupata. Hapakuwa na misa. Hapakuwa na maungamo, wala Krismasi ya kuvaa vizuri, wala mtu wa kuwauliza mbona hukuonekana. Sheria ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, ilitaka mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa, na sasa mwalimu mwenyewe amekwenda zake. Kwa akili ya kawaida ungetarajia kwamba mapadri wakirudi watakuta magofu.

Waliporudi walikuta kundi limekua.

Namna lilivyokua haina maajabu yoyote. Ndani ya ikulu kulikuwa na Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa karibu wa Kabaka, kijana aliyeaminiwa na wakubwa na wadogo. Yeye aliwakusanya wenzake usiku, baada ya kazi, wakarudia maswali na majibu ya katekisimu mpaka aliyejua akamfundisha asiyejua. Nje ya ikulu kulikuwa na Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, mtu wa asili ya Bunyoro, ambaye nyumba yake iligeuka kuwa darasa. Mbali zaidi, huko Mityana, walikuwako Matia Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu. Mulumba alikuwa mtu wa cheo chini ya chifu wa Ssingo, lakini alianza kujibebea mzigo wake mwenyewe safarini na kulima kwa mikono yake. Watu wa hadhi yake walimcheka. Jirani yao Noa Mawaggali alikuwa mfinyanzi. Nadhani inafaa tukumbuke kwamba miongoni mwa watakatifu wa Afrika Mashariki yumo mtu aliyekuwa akishinda na udongo mikononi, akifinyanga vyungu vya kupikia.

Hao ndio walioendesha Kanisa. Hawakuwa na cheti chochote. Walikuwa na sala walizozishika kwa kichwa, na walikuwa na wenzao wa kuzisali pamoja.

Niliahidi kuwarudia ndugu zetu Waislamu. Namugongo haikuanza na Wakristo. Mnamo mwaka 1876, miaka kumi kabla, Mutesa alikuwa amekwisha kuwaua makumi ya vijana wa Kiislamu wa ikulu yake, na wengi wao waliuawa papo hapo Namugongo. Kosa lao lilikuwa nini? Walikataa kula nyama iliyochinjwa na watu wasiotahiriwa, na wakakataa kuswali nyuma ya Kabaka, kwani naye hakuwa ametahiriwa. Ndiyo kusema ugomvi ulianzia kwenye sahani ya chakula na kwenye mkeka wa kuswalia, mambo ya kila siku kabisa. Wala si haki kwamba kumbukumbu za vijana wale hazisikiki redioni kama hizi za wenzao. Mimi mwenyewe nimo katika lawama hiyo.

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga, naye kijana tu, alirithi kiti pamoja na hofu zote zilizokuwa zimekizunguka. Tuwe wakweli: hofu hizo zilikuwa na msingi. Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wakinyakua nchi upande wetu huu, na Kabaka alisikia. Tarehe 31 Januari 1885 waliuawa vijana watatu wa Kianglikana, Marko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuhu Serwanga. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington aliuawa Busoga alipokuwa akija Buganda kwa njia ya mashariki, njia ambayo Waganda waliamini kuwa adui atapitia. Balikuddembe alithubutu kumwambia Mwanga kwamba kumuua mgeni yule kulikuwa kosa. Aidha, alikuwa amekwisha kuwakinga wavulana wadogo wasitimiziwe matakwa ya kimwili ya Kabaka. Alikatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885.

Siku ileile Karoli Lwanga, msaidizi wake, alikwenda kwa mapadri kubatizwa, kisha akarudi ikulu kushika nafasi ya aliyeuawa.

Yaliyofuata mnayajua. Tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alirudi kutoka kuwinda viboko akiwa kwenye makazi yake ya Munyonyo, akakuta vijana wake hawapo mahali pao, na akaambiwa kwamba mmoja wao, Denis Ssebuggwawo, alikuwa akimfundisha dini mtoto wa Katikiro, yaani waziri mkuu. Akamjeruhi kwa mkuki. Usiku ule Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake wanafunzi wanne ambao hawakuwa wamebatizwa, mmoja wao akiwa Kizito, mvulana wa miaka kama 14 aliyekuwa akiomba ubatizo siku nyingi na kuambiwa asubiri. Asubuhi Kabaka aliamuru wanaosali wajitenge upande mmoja. Wakajitenga. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Kupaa Bwana, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja pale Namugongo.

Ninaloomba kijana wangu wa dukani aliangalie ni ule usiku mmoja. Lwanga hakuwa na muda wa kumfundisha Kizito kitu chochote kipya. Yote ambayo mtoto yule aliyahitaji asubuhi yake alikuwa amekwisha kuyapata kidogo kidogo, katika jioni ambazo hazikuandikwa popote, kutoka kwa vijana wenzake, ambao nao waliyahifadhi wakati padri yuko ng'ambo ya ziwa.

Kuna na jingine. Si wote waliopelekwa Namugongo walikufa. Watatu walitolewa dakika za mwisho, wakiwa wamekwisha kufungwa kwenye matete tayari kwa kuchomwa. Mmoja wao aliitwa Denis Kamyuka. Aliishi miaka mingi baadaye, na ushahidi wake ni miongoni mwa ule uliosikilizwa na Kanisa kabla mashahidi wale hawajatangazwa wenyeheri tarehe 6 Juni 1920, na hatimaye watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Huyu Kamyuka mimi huwa namfikiria kuliko hata waliochomwa. Wenzake walimaliza safari tarehe 3. Yeye alilazimika kuamka tarehe 4, akatafuta chakula, akaendelea kuwa Mkristo mwaka hata mwaka, hadi uzeeni.

Kuhusu Mwanga nitasema kwa ufupi. Mwaka 1888 alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa, na mwishowe akaomba hifadhi kwa mapadri walewale, palepale Bukumbi. Wakampokea. Alifia uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa kwa jina la Danieli.

Nimetaja mwaka 1920. Wakati huko Roma vijana wa Buganda wanatangazwa wenyeheri, kwetu Singida Walutheri walikuwa wanaingia katika miaka yao wenyewe ya kubaki bila mchungaji. Wamisionari wa Kijerumani wa chama cha Leipzig walikuwa wamefika Iramba miaka michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na kuweka kituo Ruruma. Vita vikaisha, Waingereza wakashika nchi, na mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig wakarudishwa kwao. Wakati huo Kanisa hilo halikuwa na hata mchungaji mmoja Mwafrika. Wa kwanza walikuja kubarikiwa mwaka 1934. Huko Kilimanjaro, ambako Wakristo walikuwa wengi, walimu wa shule za misheni ndio walioshika usukani, wakafundisha, wakazika na kuongoza ibada. Iramba walikuwa wachache mno, mche uliopandwa jana na kuachwa bila mwagiliaji. Wamisionari wa Kimarekani wa Augustana walikuja kushika kazi ya Iramba na Unyaturu katika miaka hiyohiyo ya 1920. Leo ukitembea Kiomboi, Kinampanda au Iambi, ukaona makanisa, shule na hospitali, ni rahisi kudhani yote yaliletwa na Wamarekani ndani ya masanduku. Lakini hakuna aliyeweza kuendeleza kitu ambacho wenyeji wangekwisha kukiacha.

Na hapa sina budi kujitaja mwenyewe, maana si vizuri kumshauri mtoto wa mwenzio huku umejificha nyuma ya redio.

Nimekulia Unyaturu, kwa bibi yangu mzaa mama, katika nyumba ya tembe. Kigango chetu kilikuwa mbali na parokia, na padri alifika mara moja kwa miezi miwili; mvua zikikata njia ilikuwa mitatu. Katekista alikuwa mkulima wa mtama kama wengine, na baiskeli yake haikuwa na breki. Bibi hakujua kusoma. Sala alizijua zote kwa kichwa, nyingine akizitamka kwa namna ambayo ingemchekesha padri. Kila jioni, ugali ukisha kuliwa na kabla koroboi haijazimwa, alianza. Hakuuliza nani yuko tayari. Wageni wakiwapo alianza. Akiwa na homa alianzia kitandani, na sisi watoto tukaitikia huku tumesinzia. Nilidhani ni adhabu ndogo ya kila siku, kama kuchota maji.

Nilipokuja Dar es Salaam kusomea uandishi wa habari, niliacha. Sikugombana na Mungu, la hasha. Sikusoma kitabu kilichonipotosha, wala hakuna aliyenidhihaki. Niliacha kama mtu anavyoacha kuandika barua nyumbani: leo nimechoka, kesho nitaandika. Ikapita miaka sita. Katika miaka hiyo nilisoma redioni taarifa za Pasaka na Krismasi kwa sauti nzuri tu.

Mwaka 2007 bibi alifariki. Siku ya pili ya matanga, jioni, watu wamekaa uani, ukafika wakati wake ule. Kimya. Mimi ndiye mjukuu mkubwa, na ndiye wa mjini, wa redioni. Macho yote yakaja kwangu. Nikaanza. Nikafika katikati na nikapotea, sikujua kinachofuata. Mimi ambaye kazi yangu ni kusema! Binti mmoja wa jirani, hajafika miaka 12, alisubiri kidogo kwa heshima, kisha akaendelea kutoka pale nilipoachia, na wengine wakamfuata. Huyo binti alikuwa akija kusali kwa bibi jioni, miaka yote ambayo mimi sikuwapo.

Aibu ile sijaisahau. Lakini faida yake ni kwamba nilijua tatizo langu lilikuwa wapi. Sikuwa nimepungukiwa imani kubwa ya kuhamisha milima. Nilikuwa nimepungukiwa dakika kumi za jioni na mtu wa kuitikia. Nikaanzia hapo, tena kwa kusuasua. Wiki nyingine nilishika siku mbili, nyingine sikushika hata moja. Sikuhudhuria mkutano mkubwa wa viwanjani wala hakuna aliyeniwekea mikono. Sisemi mikutano hiyo ni mibaya, nimeitangaza mingi. Nasema tu kwamba Jumatatu yake vipaza sauti huwa vimekwisha kushushwa na kupakiwa kwenye lori.

Basi kijana wangu, kuhusu swali lako, hili la Mkristo wa kijijini. Kwaya ilikubeba, sawa, na si dhambi kubebwa. Sasa uko katika ile miaka miwili na miezi minane. Huna anayekuhesabu. Duka linafunguliwa Jumapili, nalo ni jambo la kuzungumza na tajiri wako kwa adabu, maana wengine huruhusu zamu ukiomba mapema. Usianze kwa kuahidi kwamba hutakosa tena maisha yako yote. Anza na usiku wa leo. Na kati ya hao watatu unaolala nao, sidhani kama wote walizaliwa bila bibi.

Nilimwandikia hayo, kwa maneno machache kuliko haya. Juzi amenijibu. Tajiri amemkubalia Jumapili mbili kwa mwezi, aingie kazini saa tano. Chumbani amepata mmoja wa kuitikia, kijana wa Iramba, Mlutheri, kwa hiyo inabidi wakubaliane kwanza sala ipi inaanza. Wa tatu hana neno. Wa nne analalamika kwamba wanachelewa kuzima taa.